Mizani ya Richard Kirwan na Udongo wa Nachingwea na Ruangwa

Mazungumzo yetu ya leo yanamhusu mkemia wa Ireland aliyefariki mjini Dublin mwaka 1812, zaidi ya miaka 130 kabla trekta za mradi wa karanga hazijafyeka pori la Nachingwea. Jina lake Richard Kirwan. Hakuwahi kukanyaga Afrika Mashariki wala hakuwahi kuuona mkorosho wetu. Hata hivyo, maisha yake yana somo ambalo wilaya zetu mbili, Nachingwea na Ruangwa, zimelilipia gharama kubwa mara moja, na zisipojihadhari zitalilipia tena. Somo lenyewe ni kwamba kipimo humfaa mtu aliye tayari kusahihishwa nacho. Anayeamua kwanza na kupima baadaye, au anayepima kisha akayafungia majibu kabatini, hana tofauti na asiyepima kabisa. Hoja hiyo nitaitetea kwa ushahidi wa aina tatu: maisha ya Kirwan mwenyewe, historia ya mradi wa karanga, na salfa tunayoipuliza kila mwaka kwenye mikorosho.

Kirwan alizaliwa mwaka 1733 Cloughballymore, katika jimbo la Galway, magharibi mwa Ireland. Familia yake ilikuwa ya Wakatoliki wenye ardhi, na zama hizo sheria za Waingereza ziliwafungia Wakatoliki wa Ireland milango ya elimu ya juu na ya kazi nyingi za heshima. Kwa hiyo alipelekwa Ufaransa kusoma, na mwaka 1754 akaingia unovisi wa Wajesuiti. Mwaka uliofuata kaka yake aliuawa katika pambano la watu wawili, urithi wa familia ukamwangukia yeye, naye akarudi nyumbani. Alioa, akafiwa na mke mwaka 1765, akajaribu uanasheria kwa muda mfupi, kisha akauacha na kujitia katika kemia. Mwaka 1780 alikubaliwa kuwa mwanachama wa Royal Society ya London. Mwaka huohuo maktaba yake, iliyokuwa njiani kwa meli kumfuata London, ilitekwa baharini na meli ya Wamarekani waliokuwa wakipigana na Uingereza. Vitabu vile viliuzwa, vikawa msingi wa maktaba ya kisayansi katika mji wa Salem huko Marekani, na kijana mmoja wa mji huo, Nathaniel Bowditch, alijifunzia humo hisabati iliyomfanya baadaye kuwa bingwa wa elimu ya safari za baharini. Aliyepoteza maktaba ile hakuacha kazi. Miaka miwili baadaye, mwaka 1782, Royal Society ilimtunukia nishani ya Copley, heshima yake ya juu kabisa.

Kazi iliyompa nishani hiyo inatuhusu moja kwa moja. Kirwan alitaka kujua ni kiasi gani cha tindikali kinachoshikana na kiasi gani cha chokaa, cha magadi au cha metali. Kabla yake watu wengi waliridhika kusema kwamba tindikali hii inaipenda chokaa kuliko ile. Yeye aliona maneno hayo hayatoshi bila tarakimu. Alichukua tindikali tatu zilizojulikana zaidi wakati ule, ikiwemo ile inayotokana na salfa, akapima uzito wa kila moja, akaiongezea kitu cha kuituliza kidogo kidogo mpaka ukali wake uishe, kisha akaandika kiasi kilichotumika na kutengeneza majedwali. Tarakimu zake za kwanza zilikuwa na kasoro. Aliporudi Dublin aliirudia kazi ile na kuzirekebisha yeye mwenyewe, mbele ya macho ya wenzake. Hapa ndipo tabia ya mtu huyu inapoanza kuonekana: aliziona tarakimu zake kama kazi inayoendelea, hakuzifanya mali ya kulindwa.

Mtihani mkubwa zaidi ulimjia katika suala la moto. Karne ile wakemia wengi waliamini kwamba kila kinachoungua kina kitu ndani yake kiitwacho flojistoni, na kwamba kuungua ni kukitoa kitu hicho. Kirwan alikuwa mtetezi hodari wa fikra hiyo, na mwaka 1787 akaiandikia kitabu kizima. Huko Paris, Antoine Lavoisier alikuwa akisema kinyume: kinachoungua hakitoi kitu, bali kinashikana na sehemu ya hewa tunayoiita leo oksijeni, ndiyo maana metali iliyochomwa huongezeka uzito badala ya kupungua. Mke wake, Marie-Anne Lavoisier, alikitafsiri kitabu cha Kirwan kwa Kifaransa, na mwaka 1788 kikatolewa pamoja na majibu ya Lavoisier na wenzake yaliyokivunja sura kwa sura. Kirwan angeweza kunyamaza, au kulalamika kwamba ameonewa. Alichofanya ni kuyaingiza majibu ya wapinzani wake katika toleo jipya la kitabu chake, lililotoka mwaka 1789, yakiwa yametafsiriwa kwa Kiingereza, ili msomaji ayaone maneno ya pande zote mbili na kuamua mwenyewe. Haikupita miaka mingi, mwaka 1791, alimwandikia mkemia Claude Berthollet wa Paris kwamba flojistoni ameiacha. Alikuwa na umri wa miaka 57, na jina lake lilikuwa limefungamana na fikra hiyo Ulaya nzima.

Mtu anaweza kuuliza: kwa nini tujifunze kwa mtu aliyeshindwa? Si afadhali tumsome Lavoisier aliyekuwa sahihi? Jibu langu ni kwamba kuwa sahihi ni jambo jema, lakini hakuna mkulima, afisa kilimo wala waziri anayeweza kujiahidi kwamba atakuwa sahihi daima. Kinachoweza kuahidiwa ni kuweka kazi wazi ili wengine waipime, na kubadilika ushahidi ukidai. Pingamizi la pili ni zito zaidi. Kirwan huyuhuyu, mwaka 1793, alimshambulia James Hutton wa Scotland aliyesema kwamba dunia ni ya kale mno na kwamba joto la ndani lina nafasi katika kuumbika kwa miamba. Katika ubishi huo Kirwan hakurudi nyuma. Basi ule wepesi wa kukiri ulikwenda wapi? Naona tofauti iko katika namna alivyoingia kwenye kila jambo. Katika kemia alikuwa na mizani mkononi, na mizani ikamwonyesha alipokosea. Katika historia ya dunia aliingia akiwa na hitimisho tayari, akatafuta miamba ya kulithibitisha. Mtu ni yuleyule na akili ni ileile, ila alipotanguliza kipimo alijisahihisha, na alipotanguliza uamuzi alikwama. Kushindwa kwake huko kunaipa nguvu hoja yangu.

Sasa tumfuate Kirwan shambani. Mwaka 1796 kilichapishwa kitabu chake kidogo kuhusu mbolea zinazofaa kila aina ya udongo na sababu za kufaa kwake. Aligawanya udongo kwa majina ambayo wakulima wenyewe waliyajua, wa mfinyanzi, wa chokaa, wa kichanga, wa changarawe na tifutifu za namna mbalimbali, kisha akaeleza kwamba rutuba ya udongo hupimwa kwa vilivyomo ndani yake, kwa uwezo wake wa kushika maji, na kwa mvua ya mahali pale. Mengi ya kitabu hicho yamepitwa na wakati, kwa maana kemia ya mimea ilikuwa bado changa. Lakini kanuni yake kuu haijazeeka: usiamue cha kuuongezea udongo, wala cha kupanda, kabla ya kujua udongo huo una nini na unapata mvua kiasi gani.

Miaka 150 baadaye, serikali ya Uingereza, nchi ambako kanuni hiyo ilijulikana tangu zamani, ilileta Tanganyika mradi wa karanga. Mwaka 1946 ujumbe wa watu watatu ukiongozwa na John Wakefield ulizunguka Afrika Mashariki kwa wiki tisa hivi, sehemu kubwa kwa ndege. Katika watu hao watatu hakukuwa na mtaalamu wa udongo. Kutokana na ripoti yao ukapangwa mradi wa zaidi ya ekari milioni 3 katika Tanganyika, Kenya na Rhodesia ya Kaskazini, kwa gharama ya takriban pauni milioni 25, na sehemu kubwa ya ekari hizo iliwekwa huku kwetu katika Jimbo la Kusini. Mji wa Nachingwea wenyewe ulijengwa kwa ajili hiyo, pamoja na bandari ya Mtwara na reli ambayo mwanzoni mwa miaka ya 1960 ilifungwa. Kule Kongwa, kazi ilikoanzia, lengo la mwaka 1947 lilikuwa kulima ekari 150,000, lakini zilizopandwa hazikufika 10,000. Udongo wa pale, mvua ikiisha, hukauka na kuwa mgumu kiasi cha kuvunja vifaa na kuzibana karanga ardhini zisivunike. Januari 1951 mradi ulivunjwa, na takriban pauni milioni 36 zikafutwa katika vitabu vya hesabu. Kilichobaki, Nachingwea ikiwemo, kiligeuzwa kuwa mashamba ya majaribio. Fikiria jambo hilo, msikilizaji: majaribio yaliyopaswa kutangulia trekta yalikuja baada ya fedha kwisha.

Atatokea mtu wa kunisahihisha kwamba mradi haukuangushwa na udongo peke yake. Ni kweli. Mvua zilikosekana, trekta nyingi zilikuwa mabaki ya vita, visiki vya miti vilizishinda mashine, na huku kusini bandari na reli zilichelewa. Udongo wa Nachingwea ulikuwa afadhali kuliko wa Kongwa. Lakini sababu hizo zote, ukizitazama moja moja, zilikuwa mambo yanayoweza kujulikana mapema. Kumbukumbu za mvua zingeweza kukusanywa kwa misimu kadhaa, na shamba dogo la majaribio lingeonyesha visiki vinaondolewaje, jembe linachakaa kwa muda gani na karanga zinavunwaje. Wagogo walioishi Kongwa walijua mvua ya kwao haina uhakika. Taarifa zilikuwepo au zingepatikana, ila uamuzi ulikwishatangazwa London, na yaliyoupinga hayakupewa uzito. Hapo ndipo waliposhindwa kufanya alichofanya Kirwan mwaka 1789: hawakuyaweka maneno ya wanaowapinga ndani ya kitabu chao wenyewe.

Tutoke zamani tuje kwenye salfa. Msimu wa 1973/74 Tanzania ilivuna takriban tani 145,000 za korosho. Kufikia 1986/87 mavuno yalikuwa yameanguka chini ya tani 20,000. Kuhamishwa kwa watu kwenda vijiji vya ujamaa, mbali na mashamba yao, kulichangia, na bei ndogo ilichangia, lakini pigo mojawapo kubwa lilikuwa ubwiri unga, ule ukungu mweupe unaovamia majani machanga na maua. Watafiti wa kituo cha kilimo cha Naliendele walionyesha kwamba unga wa salfa unaudhibiti, na wakulima wa kusini wakaurudisha mkorosho katika uhai. Jambo hilo ni ushindi wa sayansi, nami nalisema kwa heshima yote. Lakini salfa haiishii kwenye majani. Inayodondoka chini huliwa na bakteria wa udongo na kugeuzwa tindikali ya salfuri, mojawapo ya tindikali zilezile tatu ambazo Kirwan alizipima. Mwaka 1997 Amos Majule na wenzake walichapisha utafiti kuhusu athari za kupuliza salfa kwenye mikorosho ya kusini mwa Tanzania, na suala la udongo kuongezeka tindikali lilikuwa kiini cha wasiwasi wao. Udongo wa kichanga ndio ulio hatarini zaidi, kwa sababu una uwezo mdogo wa kuizuia tindikali.

Tupige hesabu kwa namna ya Kirwan. Tuchukue ekari moja yenye mikorosho 28, ambayo ndiyo idadi inayopatikana ukipanda kwa nafasi ya mita 12 kwa 12. Mkulima akipuliza robo kilo kwa kila mti, mara tano kwa msimu, atakuwa ametumia kilo 35 za salfa. Kilo moja ya salfa ikigeuka yote kuwa tindikali, huhitaji zaidi kidogo ya kilo tatu za chokaa safi ya mawe ili kuituliza. Kwa ekari yetu ni karibu kilo 109 za chokaa kwa msimu mmoja, na kwa misimu kumi ni zaidi ya tani moja. Hicho ndicho kiwango cha juu, kwa kuwa si salfa yote inayogeuka wala kubaki palepale. Nyingine inapeperushwa na upepo, ila upepo hauiondoi duniani, unaipeleka kwenye shamba la jirani. Mkulima anayenunua salfa kila mwaka bila kuwahi kununua hata mfuko mmoja wa chokaa anaacha deni ardhini, na deni hilo halionekani kwa macho mpaka mazao yaanze kulidai.

Nayajua majibu yatakayotolewa. La kwanza, mkorosho unavumilia udongo wenye tindikali, basi hofu ya nini? Mkorosho kweli unavumilia kuliko mimea mingi. Lakini chini na kando ya mikorosho tunapanda mahindi, mbaazi na karanga, na hizo hazina uvumilivu huo. Udongo ukizidi tindikali, aluminiamu iliyomo huyeyuka na kudhuru mizizi, na fosforasi hufungwa mmea usiipate. Karanga huhitaji kalsiamu pale chini zinapojaza, na ikikosekana mkulima hung'oa maganda matupu. Jibu la pili ni kwamba anayezungumza hivi anataka salfa iachwe na ubwiri unga urudi. Sivyo hata kidogo. Anayekumbuka mavuno ya miaka ya themanini hawezi kushauri hivyo. Ninachosema ni kupuliza ugonjwa unapohitaji, kwa kiasi kilichoelekezwa, na kupima udongo ili kujua chokaa inatakiwa wapi na wapi haitakiwi. Kumwaga chokaa bila kupima nako ni kosa lilelile lililovaa nguo nyingine. La tatu ndilo ninaloliheshimu zaidi: wazee wetu wanaujua udongo wao kwa rangi, kwa majani yanayoota na kwa mguso wa vidole. Ni kweli, na Kirwan mwenyewe alianzia kwenye majina ya wakulima. Lakini ujuzi huo ulijengwa katika ardhi isiyopulizwa salfa. Tindikali iliyoingia kwa bomba la mota haina rangi, na mzee mwerevu kuliko wote hawezi kuiona. Kipimo hakiji kumvunjia heshima mzee, kinakuja kumpa habari ambayo ardhi ya ujana wake haikuwa nayo.

Kanuni hiihii inagusa utajiri mwingine wa Ruangwa, madini ya kinywe. Kirwan alitoa mwaka 1784 kitabu kilichopanga mawe kwa kuzingatia kemia ya vilivyomo, badala ya sura ya nje peke yake. Miaka michache kabla yake, Carl Wilhelm Scheele wa Sweden alikuwa ametenganisha kwa vipimo mawe mawili meusi yenye utelezi ambayo watu waliyachanganya, molibdenaiti na kinywe, na kuthibitisha mwaka 1779 kwamba kinywe ni kaboni. Leo bei ya kinywe inategemea usafi wake na ukubwa wa magamba yake, mambo ambayo hayajulikani kwa kulitazama jiwe na kulishika tu. Kijiji kinachoambiwa thamani ya jiwe lake na mnunuzi peke yake kiko mahali palepale alipo mkulima asiyejua tindikali ya shamba lake.

Limebaki suala la gharama. Itasemwa kwamba kupima udongo wa kila shamba ni ghali kwa mkulima wa ekari mbili. Kwa mkulima mmoja mmoja, huenda. Ndiyo maana kazi hii ni ya ushirika. Wakulima wa Ruangwa, Nachingwea na Liwale tayari wamekusanyika katika chama kikuu cha RUNALI, na vyama vya msingi vinafika vijijini. Kama tunaweza kupanga minada ya korosho na ugawaji wa salfa kijiji kwa kijiji, tunaweza kupanga pia uchukuaji wa sampuli za udongo: mashamba machache yanayowakilisha kila aina ya udongo wa kijiji, chini ya mikorosho iliyopulizwa kwa miaka mingi na mahali ambapo haijapulizwa, yapimwe kwa msaada wa TARI Naliendele, na yarudiwe kila baada ya miaka michache. Na majibu yasiishie ofisini. Yasomwe kwenye mkutano mkuu wa chama, yabandikwe kwenye ghala, mkulima ayaulize maswali na ayapinge akiona hayalingani na shamba lake.

Kwa hiyo nawaomba viongozi wa vyama vya msingi wa Nachingwea na Ruangwa waliweke jambo hili katika ajenda kabla salfa ya msimu ujao haijagawiwa. Maafisa ugani nawaomba waseme bila woga pale vipimo vinapopingana na maelekezo ya jana. Na wewe mkulima, unapopokea mfuko wa salfa mwaka huu, uliza pia udongo wa kijiji chako ulipimwa lini na majibu yako wapi. Kama hajapatikana wa kukujibu, liulize swali hilo tena kwenye mkutano, mbele ya wenzako, mpaka lijibiwe.